KUTOA KWA SIRI, KUHESABU MBELE YA WATU

Maandiko ya kusoma: Marko 12:38-44, Matayo 6:1-4, 2 Wakorinto 8:1-21

 

Neno tunaloleta leo ni neno la feza. Tunajua kwamba wengine wakilisikia kanisani wanashika mifuko yao. Msiogope, hatukuja kuomba. Tumekuja kuungama jambo lililotupata sisi wenyewe katika kazi ya kusaidia watu, na kuonyesha namna Neno la Mungu lilivyotunyoosha, ili ninyi lisiwapate.

1. Kikundi cha kijiji

Kijiji chetu kiko kando ya barabara inayokwenda Lubumbashi. Huko kuna kikundi cha kusaidiana. Si kikundi cha kanisa letu. Ndani yake mna Wakatoliki, Wametodisti, watu wa makanisa ya uamsho, jamaa mbili za Waislamu, na sisi Wakimbanguisti. Kila mmoja hutoa kidogo kila juma. Mtu akifiwa, kikundi kinaleta makala, unga na maji kwenye kilio. Shida ikiwa kubwa kuliko sanduku, kikundi kinaandaa sikukuu ya makusanyo. Siku hiyo vijana wa vijiji viwili wanacheza mpira, akina mama wanapika bukari na sombe na kuuza sahani kwa sahani, vitu vinapigwa mnada, na feza yote inakwenda kwa yule mwenye shida. Kuku mmoja anaweza kuuzwa mara tano, kwa maana kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena.

Kazi ya siku hiyo ni nyingi na hakuna anayelipwa. Kuna wa kuchota maji, wa kufagia uwanja, wa kubeba mabenchi, wa kulinda vinga, wa kuosha vyungu usiku wakati wengine wamekwisha kulala. Watu wa kanisa letu wako katika kazi hizo zote.

Wengine kati yenu walituuliza: je, inafaa Mkimbanguisti kutumika katika kikundi kisicho cha kanisa? Je, hatutaingia katika mambo ya dunia, maana wako wanaoleta lutuku kwenye sikukuu hizo? Ulizo hili ni la haki, nasi tunalijibu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, yule Msamaria hakumwuliza mtu aliyelala njiani ni wa kanisa gani. Wala hakumwuliza mwenye nyumba ya wageni. Alitumika pamoja naye kwa ajili ya mtu mmoja aliyeumizwa. Naye mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia katika sura ya 6, anataka tuwatendee mema watu wote, na zaidi wale wa nyumba ya imani. Anayesema "zaidi" hakusema "peke yao".

Kwa habari ya pombe, tulisema na wakubwa wa kikundi waziwazi. Tukawaambia: sisi tutachota maji, tutapika, fanfari yetu itapiga, lakini hatutauza pombe, hatutainywa, wala hatutapokea feza yake kwa mikono yetu. Walikubali. Mama zetu wakatengeneza munkoyo wa siku hiyo hiyo, usiochachuka, nao ukaisha kabla ya jua kuwa kali. Tangu siku hiyo hakuna anayeleta lutuku tena karibu na meza ya makusanyo. Hatukuwafukuza watu. Tulileta kitu chema, nacho kikapata nafasi yake.

2. Mambo yaliyotupata

Sasa sikieni lile jambo lenyewe.

Mama mmoja mjane wa kijiji chetu alimpeleka mwana wake hospitalini. Utumbo wake ulikuwa umetoboka kwa ugonjwa wa tifoide. Waganga wakampasua, na kwa neema ya Mungu akapona. Lakini kupona ni jambo moja, na kutoka ni jambo lingine. Mnaijua desturi hiyo katika nchi yetu: mgonjwa aliyekwisha kupona anabaki ndani mpaka deni lilipwe, na mama yake analala chini kando ya kitanda. Deni lililobaki lilikuwa franka 180,000. Kila siku aliyokaa iliongeza kitu juu yake.

Wandugu, kwetu sisi habari ya mtu aliyefungiwa mbali na nyumba yake si habari ndogo. Baba Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921, akahukumiwa kufa tarehe 3 Oktoba mwaka ule, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali sana na Nkamba, huku kwetu Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, akakaa kifungoni mpaka alipolala tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 Mama Mwilu alikuwa Nkamba bila mumewe, akilea watoto watatu na kulitunza kundi kwa siri. Kanisa lililozaliwa katika kungoja namna hiyo haliwezi kupita karibu na mama anayemngoja mwana wake bila kusimama.

Basi kikundi kikaandaa sikukuu, Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Watu walikuja wengi. Mtangazaji akashika kipaza sauti. Kwanza alieleza shida. Akamtaja mama yule kwa jina, akataja jina la mwana wake, akasema namna walivyo masikini, hata sabuni hawana. Kisha akaanza kuwaita watoaji. Mwenye duka mmoja akainua mkono, akasema elfu hamsini. Fanfari ikapiga. Mwingine hakutaka kushindwa, akasema elfu ishirini. Fanfari ikapiga tena. Katikati ya kelele hizo watu wadogo walikuwa wakipita mbele ya meza na kutia noti zao zilizokunjwakunjwa katika beseni, na hakuna aliyewapigia chochote. Jioni mtangazaji akatoa jumla: franka 214,000. Akina mama wakapiga vigelegele, kwa sababu hesabu ilikuwa imelipita deni.

Watu wakasema, "Beseni wapewe Wakimbanguisti. Hao hawanywi, hawataila." Tulipendezwa kusikia hivyo. Tuliipokea sifa hiyo kama mshahara, na hapo ndipo adui alipopata mlango. Sisi wawili tulichukua beseni nyumbani, tukafunga mlango, tukahesabu usiku kwa mwanga wa taa. Tukapata franka 131,500. Tukahesabu mara ya pili, tukapata hesabu ile ile. Mara ya tatu, ile ile.

Zile 82,500 zilizopunguka hazikuibiwa na mtu. Hazikuwahi kuingia katika beseni. Zilikuwa maneno. Zilikuwa mikono iliyoinuliwa ili fanfari ipige. Lakini nani angetuamini? Kijiji kizima kilisikia 214,000. Sisi peke yetu, ndani ya nyumba iliyofungwa, tuliona 131,500. Asubuhi watu walikwisha kunong'ona kwenye kisima kwamba watu wa Mungu wamekula feza ya mjane.

Tulitembea nyumba kwa nyumba kwa wale walioahidi. Mmoja alituambia alifikiri ni mchezo wa kuchangamsha watu. Mwingine alisema tumngoje mpaka avune. Yule wa elfu hamsini hakufungua mlango. Siku tisa zilipita, na siku zote tisa yule mama alilala kwenye sakafu. Mwisho feza ilitimia. Namna ilivyotimia hatutasema, maana walioitimiza wametuomba tusiwataje.

Kijana akarudi nyumbani. Nao vijana wenzake wakampa jina: walimwita Mwana wa Beseni. Jina hilo lilitoka katika kipaza sauti chetu. Kwa muda mrefu hakuonekana tena uwanjani.

Hii ndiyo habari. Tulitaka kufanya mema, nasi tulikosa mara mbili. Jambo lililopaswa kufichwa tulilipigia tarumbeta, na jambo lililopaswa kuwa wazi tulilifungia mlango.

3. Tarumbeta inayokatazwa

Katika Matayo sura ya 6, Bwana wetu anawakataza wanafunzi wake wasipige tarumbeta mbele yao wanapowapa masikini. Anasema wanaofanya hivyo wamekwisha kupokea mshahara wao. Anataka mkono wa kushoto usijue tendo la mkono wa kuume.

Mtu atasema: ninyi Wakimbanguisti mnasomaje maneno haya, na fanfari yenu inapiga wakati wa nsinsani? Ulizo hili pia ni la haki. Nsinsani ni neno la Kikongo, na kila mmoja wetu anajua maana yake tangu utoto: shindano la kutoa. Lakini tazameni vizuri ni nani wanaoshindana. Ni kundi na kundi, akina baba na akina mama, vijana na wazee. Watu wanatembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, na mkono wa kila mmoja unashuka ndani ya beseni na kutoka. Linalotangazwa ni kundi. Aliyetia noti kubwa na aliyetia noti ndogo wanarudi mahali pao kwa wimbo mmoja. Katika nsinsani iliyo njema fanfari inamficha mtoaji. Inawaita watu waje, wala haimwinui mtu mmoja juu ya wengine.

Kwa njia hiyo wazee wetu walijenga. Kanisa letu lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959, na halikuanzishwa na misheni yenye feza ya ng'ambo. Mashule, nyumba za wagonjwa, hekalu kubwa la Nkamba lililofunguliwa mwaka 1981, vitu hivi vilitoka katika mabeseni na katika mikono ya waamini waliobeba mawe bila mshahara. Nani anajua leo ni jiwe gani lililobebwa na baba yake? Hakuna. Nyumba imesimama, na majina yako kwa Mungu.

Lakini siku ile kijijini tulitumia fanfari hiyo hiyo kwa kazi nyingine. Tulimpigia mtu. Naye akapata alichokuja kutafuta, akaenda nyumbani na feza yake mfukoni. Maneno ya Bwana yalitimia mbele ya macho yetu: alikuwa amekwisha kupokea mshahara wake.

Tena kuna tarumbeta ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Ni ile inayompigia mpokeaji. Mtoaji akitangazwa anapata kiburi. Mpokeaji akitangazwa anapata aibu. Mungu aliyetukataza kujionyesha tunapotoa, je, ataturuhusu kumwonyesha ndugu yetu anapopokea? Msaada unaomrudisha mtu nyumbani na jina la kuchekwa haujamrudisha mzima.

4. Bwana ameketi mbele ya sanduku

Sasa tufungue Marko sura ya 12. Habari ya mjane na sarafu zake mbili tunaihubiri mara nyingi, lakini mara nyingi tunaanza katika mstari wa 41. Tuanze juu kidogo, mstari wa 38. Hapo Bwana anawaonya watu juu ya walimu wa sheria wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa mbele, na katika mstari wa 40 anasema kwamba hao ndio wanaokula nyumba za wajane. Mara tu baada ya neno hilo mjane anaingia na sarafu zake.

Basi neno hili halisemi na watoaji peke yao. Linasema na wenye kushika sanduku. Sarafu za mjane zilikuwa zinaingia mikononi mwa watu fulani. Je, ni watu wa namna gani? Na Bwana mwenyewe alikuwa wapi? Marko anasema aliketi kuelekea sanduku, akatazama. Hakuketi mahali pa heshima. Aliketi pale ambapo feza ya masikini inapita, akaangalia kwa macho.

Kama Mwana wa Mungu aliona vema kuketi na kuangalia, sisi ni nani hata tufunge mlango na kusema, "Tuaminini"? Yoane sura ya 12 inatukumbusha kwamba Yuda ndiye aliyeshika mfuko, na kwamba alisema maneno mazuri juu ya masikini siku aliyokuwa na mwizi ndani ya moyo wake. Hatusemi kwamba kila anayeshika mfuko ni Yuda. Tunasema kwamba mtu mwema naye anahitaji macho ya wenzake, ili abaki mwema, na ili watu wajue kwamba ni mwema.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Alikusanya feza katika makanisa kwa ajili ya masikini wa Yerusalema. Yeye, mtume, angeweza kusema, "Nipeni mimi." Hakusema hivyo. Katika 2 Wakorinto sura ya 8 anamtuma Tito, na pamoja na Tito anamtuma ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe. Anaeleza sababu: hataki mtu apate neno la kuwalaumu juu ya zawadi kubwa namna hiyo, naye anaangalia yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Shikeni hayo mawili, wandugu. Sisi usiku ule tulijitosheleza na kuwa wema mbele ya Bwana. Bwana alijua kwamba hatukuiba. Lakini mjane alihitaji watu nao wajue.

Katika sura hiyo hiyo, Paulo anawakumbusha Wakorinto kwamba walianza mwaka uliopita kutaka kutoa, na sasa wamalize. Wao nao walikuwa wameinua mikono. Ahadi si dhambi. Yule Msamaria naye aliahidi: alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akamwambia kwamba kitakachozidi atakilipa wakati wa kurudi. Lakini dinari mbili zilikuwa zimekwisha kuingia mkononi kabla ya ahadi kutamkwa. Ahadi ni deni, na deni halipigiwi ngoma mpaka lilipwe.

5. Mambo tuliyotengeneza

Tulikwenda kwa wakubwa wa kikundi, tukaomba msamaha. Tulikwenda pia kwa mama yule na mwana wake, tukaomba msamaha ndani ya nyumba yao, bila fanfari. Kisha kikundi kikaketi chini ya mwembe na kukubaliana mambo haya. Tunawapa ninyi, kwa maana katika parokia zenu na vijiji vyenu mtapata kazi kama hiyo.

Kwanza, mtangazaji anatangaza kitu kilichokwisha kuingia katika beseni, basi. Ahadi inaandikwa katika daftari na siku ya kuilipa, nayo haingii katika jumla.

Pili, feza inahesabiwa pale pale uwanjani kabla jua halijashuka. Tunatandika mkeka. Wanaketi watu watatu wasiokuwa wa kanisa moja. Sasa wako mama mmoja Mkatoliki, muzee mmoja Mwislamu, na mmoja wetu. Wanahesabu kwa sauti, na mtoto wa shule anaandika hesabu kwenye ubao mbele ya watu wote.

Tatu, jina la mwenye shida halipiti katika kipaza sauti. Inasemwa tu kwamba kuna nyumba moja katika kijiji chetu yenye mgonjwa, au yenye kilio. Wanaopaswa kujua wanajua.

Nne, wanaoshindana ni makundi: upande wa mto na upande wa barabara, akina baba na akina mama. Hakuna mtu anayeitwa peke yake.

Tano, feza ikikwisha kulipwa, karatasi ya malipo inaonyeshwa kwa wale watatu wa mkeka na kwa shefu wa kijiji. Nao wanatoa habari mbele ya kikundi kwamba kazi imekwisha.

Sikukuu ya kwanza baada ya mapatano hayo, hesabu iliyotangazwa ilikuwa ndogo kuliko ile ya mwezi wa sita. Hakuna aliyepiga vigelegele virefu. Lakini hesabu ya ubao na hesabu ya beseni zilikuwa moja, na asubuhi yake kwenye kisima watu waliongea habari ya mihogo.

6. Wale wasio na feza

Neno la mwisho ni kwenu mnaosema, "Sisi hatuna kitu, mambo haya ni ya wenye maduka."

Kwanza, msitoe chakula cha watoto wenu kwa kuogopa kuchekwa. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorinto 8 mstari wa 13, anasema kwamba hataki wengine wapate nafuu na ninyi mpate taabu. Anayewasukuma masikini kwa aibu ili kundi lake lishinde, hajaielewa nsinsani. Makanisa ya Makedonia yalitoa katika umasikini wao, lakini yalitoa kwa furaha yao wenyewe, na kabla ya feza yalijitoa nafsi zao.

Pili, mikono ni matoleo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 kuna mama mmoja jina lake Dorkasi. Alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro feza yoyote aliyowapa. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Na katika sura ya 6, wakati wajane wengine waliposahauliwa katika kugawanya chakula, mitume waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kwa kazi gani? Kwa kuhudumia meza. Kanisa la kwanza halikusema kwamba meza ni kazi ya yeyote tu. Lilitafuta watu wa Roho Mtakatifu wa kugawanya mikate.

Sisi tunafundishwa mambo matatu: upendo, amri, na kazi. Wako wanaoimba upendo vizuri sana. Wako wanaoshika amri, hawanywi, hawavuti, wanavua viatu mahali patakatifu. Lakini kazi inatungoja kwenye kisima, kwenye jiko, kwenye rundo la vyungu vyeusi saa nne ya usiku. Upendo usiofika huko umechoka njiani.

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili, siku tunayokumbuka kuanza kwa kazi ya Baba Simon Kimbangu mwaka 1921, ni siku ya mapumziko kwa nchi yetu yote. Majirani zetu wasio wa kanisa hili nao wanapumzika siku hiyo. Watatutazama na kuuliza: watu wa nabii huyu ni watu wa namna gani? Hatutawajibu kwa maneno peke yake. Wakituona tunafagia uwanja kwa ajili ya mgonjwa asiye wa kwetu, na tunahesabu feza ya masikini juu ya mkeka mbele ya macho yote, watakuwa wamejibiwa.

Na yule mama mjane? Kwenye sikukuu iliyofuata tulifika uwanjani alfajiri, tukamkuta amekwisha kufagia nusu yake. Mwana wake alikuwa anabeba mabenchi pamoja na vijana wengine, nao walimwita kwa jina lake alilopewa na baba yake. Mama alichota maji siku nzima. Wakati wa makusanyo alipita katika mstari wa akina mama, katikati ya wimbo, na mkono wake ukashuka ndani ya beseni kama mikono mingine yote.

Alitia kiasi gani? Hatujui. Feza yote ilihesabiwa mbele ya watu, na sehemu yake ilikuwa ndani. Mungu peke yake ndiye anayeijua.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, unayeona sirini, utuondolee hamu ya kutazamwa tunapotoa, na woga wa kutazamwa tunapohesabu. Uwalinde wajane wetu na yatima, uwafungulie wagonjwa waliofungiwa kwa ajili ya deni, na uibariki mikono ya wote wanaotumika bila mshahara. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.